Mwosha Maiti wa Bweni

Watu wa Bweni, ng'ambo ya Pangani, tulimtania Mwinyihatibu kwamba akikuamkia anakupima kwa macho. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti, nami nilikuwa nikimshikia kata ya kumwagia maji. Hakuosha mtu kwa maji ya baridi hata siku moja. "Kwani akifa ndiyo atetemeke?" alikuwa akisema.

Wadachi walipoipiga Pangani kwa mizinga, vijana wetu walikufa handakini na magobori yao mikononi, naye akatukataza kuchota maji. Shahidi aliyefia vitani haoshwi, anazikwa na damu yake. Mama zao walilishika hilo, maana hawakubakiwa na kingine.

Kisha akaletwa Mdoe, mwanawe wa pekee. Vijana waliosalia walimwokota kwenye njia ya mashamba ya miwa, ana tundu la risasi kifuani.

"Pole, baba," alisema mmoja wao huku analia. "Shahidi wetu huyu."

Mama yake Mdoe, Bi Mwanamkuu, alinyamaza kulia aliposikia neno hilo. "Umesikia, baba Mdoe? Mwanangu shahidi."

Tuliingia wawili kumnyoosha viungo. Nilipolegeza msuli aliojifunga kiunoni kikadondoka kitambaa cheupe. Pangani nzima ilikijua kitambaa kile. Wadachi waliwafunga kitambaa cha namna hiyo mkononi watu waliowaonyesha njia, ili askari wao wasiwapige. Na handaki letu lilikuwa limevamiwa kwa nyuma, kwa njia ile ile ya miwa. Nilimchukia Mdoe pale pale, maiti na umaiti wake.

Lakini baba yake nilimpenda. "Kichome," nikanong'ona. "Mimi sijaona kitu."

Alikaa amekishika kitambaa.

"Watoto wa wenzangu nimewazika na damu yao," alisema. "Huyu nimlaze nao sawasawa?"

Akaenda mlangoni. "Leteni maji."

"Maji ya nini?" Bi Mwanamkuu alipiga kelele. "Shahidi haoshwi! Wewe mwenyewe ndiye uliyesema!"

"Najua, mama Mdoe."

Uwanja mzima ukaelewa kwamba Mdoe hakufa upande wetu. Waliombeba walitazamana, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Bi Mwanamkuu alikaa chini mavumbini akajifunika kanga usoni.

Hakuna aliyeleta maji. Mwinyihatibu akachukua mtungi, akaenda kisimani mwenyewe, watu wakimpisha njia kama mwenye ndui. Aliporudi alikoka moto, akateleka maji, akachuchumaa kuyangoja yapate uvuguvugu.