Kiwiko Alipopandisha Kitanda

Tulimwita Kiwiko kwa sababu ya kazi yake. Mteja mwenye mgongo uliokaza kama mlango uliovimba alilala kifudifudi, naye akaegemeza kiwiko juu ya fundo, akashusha uzito wa mwili polepole, na baada ya muda mtu mzima alikuwa anakoroma. Alianza kukanda akiwa na miaka tisa, mgongo wa bibi aliyemlea. Alipoolewa na fundi majokofu, alikuwa akimtania mumewe kwamba alimpata kwa mikono, si kwa sura.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika spa anakofanya kazi, na sifichi, nina mdomo. Kila asubuhi napita chumba kwa chumba, nakagua taulo, nanusa mafuta, napima vitanda. Kitanda cha masaji kina miguu yenye matundu na pini za kukipandisha na kukishusha. Ukisimama wima karibu nacho, mkono umening'inia, ngumi yako iguse godoro. Kikizidi hapo, huwezi kuegemea vizuri. Basi asubuhi moja nikakuta cha Kiwiko kimepandishwa matundu mawili.

"Siku hizi unaona uvivu kuinama?"

"Samahani, mama. Nitakishusha."

Nikakishusha mwenyewe. Kesho yake kikapanda tena, nami nikamfokea mbele ya wenzake. Tulivutana hivyo wiki tatu. Nimezaa wanne, na bado sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nilikuwa chumba cha pili nikikunja taulo. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Mteja wake, bwana mmoja wa miraba minne, alikuwa akisema, "Kandamiza zaidi, dada. Zaidi." Kisha nikasikia pumzi ya Kiwiko ikikatika. Nikaziacha taulo.

Nilifungua mlango bila kubisha. Alikuwa ameinama juu ya kitanda, mkono mmoja ukiendelea kuzunguka mgongoni mwa mteja, mwingine ameubana chini ya kitovu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Aliponiona, aliuondoa haraka ule mkono wa tumboni. Sijawahi kuogopwa na binadamu kiasi kile.

Mteja nikamwambia kuna dharura, nikamtoa Kiwiko hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alinong'ona, "Ni miezi minne, mama. Naona damu." Akameza mate. "Ya kwanza nayo ilitoka hivihivi, ikiwa na miezi minne."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa na bosi wetu. Mwaka uliotangulia mkandaji mwenzetu alisema wazi kwamba ana mimba, na wiki hiyohiyo akapewa barua ya kuachishwa kazi. Aliyemkabidhi ni mimi. Nikamwambia "kila la heri" kana kwamba anakwenda harusini.

Kwenye teksi nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Zahanatini, nesi alimlaza akaweka kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo. Mikwaruzo tu. Akasogeza kushoto, mikwaruzo. Akasogeza chini. Kichwani mwangu nilikuwa nahesabu ni mara ngapi nimechomoa zile pini kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwomba Mungu asinilipe kwa hesabu hiyo. Nesi akakunja uso, akabonyeza pembeni kidogo, na pigo likatoka, mbiombio.

"Yupo," akasema. "Lakini huyu apumzike wiki mbili. Akirudi kazini asiinamie watu, asisukume, asisimame kutwa."

Kiwiko hakulia. Aligeuza uso akaniuliza, "Barua utaniletea nyumbani, au nije niichukue?"

Nimetukanwa sana maishani, ila hakuna tusi lililoniingia kama swali lile.

Kwa bosi niliingia na hofu, maana na mimi nina kodi ya nyumba. "Hapa ni spa, si wodi ya wazazi," akasema. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia kuna kukanda nyayo na kichwa, kazi ya kukaa kitini. Chumba cha mvuke asiingie, apewe wateja watatu badala ya sita, na waliobaki tutagawana sisi.

"Na ukikataa, barua tafuta mtu mwingine wa kuipeleka. Mimi utarishi nimeacha."

Alinitazama mpaka nikatamani kuyarudisha maneno yangu. "Mwezi mmoja," akasema. "Tutaona."

Kiwiko amerudi. Ana kiti chenye mgongo, na wateja wameanza kumwulizia, "Yule dada wa nyayo yupo?" Akienda chooni, nahesabu dakika. Akichelewa, nakwenda kugonga mlango.

Jana mchana aliingia ofisini kwangu akimvuta mkono mkandaji wetu mdogo kuliko wote, binti mwenye miezi sita tu kazini. "Mwambie mama," akamsukuma kidogo. "Siku hizi hang'ati."

Binti alitazama sakafu. "Na mimi, mama. Miezi miwili."

Mwezi wa bosi ulikuwa umebakiza siku tisa. Niliinuka nikafunga mlango, nikamsogezea kiti, nikafungua daftari la zamu nianze kugawa wateja upya.