Sufuria la Masizi

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Mgeta, sufuria lenye masizi liliogopwa kuliko chui. Jikoni halikuwa na neno. Liliogopwa kwenye chemchemi. Bibi yangu, mzaa mama, alitukumbusha kila asubuhi kwamba maji yale yana Mwenyewe, na Mwenyewe hapendi vitu viwili: masizi na shoka. Chota kwa kata, mimina kwenye ndoo, ondoka. Ukitumbukiza chombo cheusi, anahama na maji yake.

Basi mimi nilikitumbukiza.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilitumwa kuosha vyombo chini ya chemchemi, kisha nirudi na maji, na kata nimeisahau nyumbani. Nipande kile kilima tena? Thubutu! Nikatazama huku na huku, nikalizamisha sufuria la ugali, jeusi tii. Masizi yakatandaa juu ya maji. Nikakimbia.

Msimu uleule kijiji kilikuwa kinatafuta mahali pa shamba la bega kwa bega, la kulimwa na wote pamoja. Mwenyekiti wetu, kijana wa ukoo wetu mwenye bidii kweli, akaiona mikuyu iliyozunguka chemchemi na kusema ardhi nzuri imelala bure. Bibi akapinga. Akajibiwa kwa heshima kwamba hizo ni imani za kizamani. Miti ikaangushwa kwa siku mbili, kwa nyimbo, nami nikiimba kwa sauti yote. Maharage yakapandwa, yakastawi.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ikawa tope, kisha ikakauka kabisa. Akina mama wakawa wanateremka hadi mtoni, mbali, na kupanda na ndoo kichwani. Siku moja mama yangu aliteleza, mdogo wangu yuko mgongoni. Mtoto alipona, lakini goti la mama lilichanika vibaya. Nilimtazama Bibi akimfunga kitambaa, nikajua hakika kwamba ni mimi niliyemwangusha.

Jumapili baada ya misa ukaitishwa mkutano. Wengine walitaka kijiji kihamishwe. Mimi nikasimama.

"Ni mimi. Nilitumbukiza sufuria lenye masizi."

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti akadaka neno: "Ndugu wanakijiji, mmesikia wenyewe! Kumbe si miti."

Bibi akainuka polepole. "Ala! Mwanangu, mwaka jana Mwenyewe alikuwa imani ya kizamani. Leo unamtwisha mtoto?"

Kicheko kilikatika. Bibi akageukia watu. "Mtoto amesema lake. Nani mwingine ana lake?"

Mjomba wangu, mpasua mbao, akasimama. "Ule mkubwa niliuangusha mimi." Akafuata mwingine, na mwingine. Mwisho mwenyekiti akavua kofia yake. "Na mimi ndiye niliyewatuma," akasema. Nimewaona wakubwa wengi tangu siku ile, na wachache sana waliovua kofia namna hiyo.

Kwetu, aliyekosea chemchemi hulipa kwa mikono yake. Bibi akapanga: kila aliyekiri achimbie kipande cha mkuyu, akimwagilie kwa maji ya mtoni mpaka kishike. Maharage yaling'olewa, na mwenyekiti ndiye aliyeanza kuyang'oa. Jambo lililonichekesha ni kwamba wasio na kosa nao walianza kujitafutia. Mama mmoja alidai alipigia vigelegele shoka. Mzee mmoja alisema alikalia gogo. Hakuna aliyetaka kukosa mti.

Vingine vilikauka, vingine vililiwa na mbuzi, tukachimbia tena. Nilikuwa nimefika darasa la saba maji yaliporudi, membamba, yakichuruzika kwenye jiwe. Bibi aliyakinga kwa kiganja, akanywa, akaniambia bila kunitazama:

"Masizi yako niliyaona siku ileile."

"Mbona hukunichapa, Bibi?"

"Ningekuchapa, yangeishia hapo. Nani angesimama mkutanoni?"

Siku hizi wataalamu hutueleza kwamba mizizi ndiyo inayoshika maji, nami nakubali, sina ubishi. Lakini mikuyu ile haikujipanda. Ilipandwa na watu waliothubutu kusema "ni mimi" mbele ya majirani zao, na najivuna kwamba nilikuwa wa kwanza. Kama Mwenyewe yupo, nadhani alisikia. Sufuria langu nalisugua kwa mchanga mpaka leo, nisije nikamjaribu.

Mti wangu sasa watu wawili hawaukumbatii wakakutana mikono. Wajukuu wakiniuliza ni wa nani, huwajibu kwamba ule ni wa kosa langu, kisha nawapa kata wakachote.