Prof wetu wa hesabu alisema ukweli kuhusu mpaka wa wadi, kijiji kikagoma kumchimbia mama yake kaburi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu huwa msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kooni. Chumvi sijaongeza, nilikuwepo mwenyewe. Majina nayaweka kapuni maana wahusika wengi wako hai na wana bando.

Mimi ni mama wa Malaba. Kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda. Wikendi nilikuwa nashuka Busia mjini kusomea ualimu wa hesabu, na umri huu wangu. Class yetu ilikuwa ya watu wazima: mwalimu wa primary kutoka Nambale, jamaa wa Burumba anayeuza spea za pikipiki, na wengine wa aina hiyo. Tulikuwa tunasinzia sana, lakini si kwenye kipindi cha Prof.

Prof alitufundisha geometry. Mtu mrefu, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa hata jua likiwaka. Research yake ilikuwa mipaka ya uchaguzi, yaani unaangaliaje umbo la wadi ukajua limechorwa kwa haki au kwa ujanja.

Alikuwa na kamba yake ya katani, ndefu, ameiunga ncha ikawa kitanzi kikubwa. Anatutoa nje, tunaishika pande zote. Tukisimama duara, wenzetu wengi wanaingia ndani na nafasi inabaki. Kisha anasema tuivute iwe nyembamba kama nyoka. Kamba ni ile ile, lakini walio ndani wanabanana na wengine wanajikuta nje.

"Sasa muulizeni aliyechora," anasema, "hapa alikuwa anamkwepa nani?"

Hakuwa mtu wa kurukia mambo, lakini. Alisema mto ukipinda, mpaka una haki ya kupinda. Kuna wadi mbaya kwa macho na haina kosa lolote. Ndiyo maana alikuwa anakwenda kutembea huko mwenyewe badala ya kukaa na ramani tu.

Sasa ikasikika kwamba mipaka itaangaliwa upya na wananchi watasikilizwa. Nyumbani kwa Prof, upande wa Kocholia, wazee wakachangamka. Walitaka wadi yao mpya na mtu wao wa kuiongoza. Wakachora umbo lao, wakampelekea Prof alisimamie. Si ni mtoto wao, na ni Prof? Nani angebisha?

Umbo lenyewe lilikuwa na mkia. Linatoka kijijini, linafuata barabara kuelekea Malaba, likifika sokoni linazunguka nyumba za ng'ambo ya soko na kuziacha nje, maana wale hupigia kura watu wengine. Mto hapo hakuna. Hata mtaro hakuna.

Prof aliwaambia kwa upole waukate huo mkia. Aliwaambia hata bila mkia wana hoja nzuri ya kudai wadi. Wakaitikia ndiyo ndiyo, mkia wakaubakisha. Walijua siku ya kusikilizwa ikifika hataweza kuwaaibisha.

Hapa lazima niwaambie kuhusu mama yake. Kila mtu alimwita Tata, ndiyo bibi kwa Kiteso. Alikuwa mkunga wa kijiji, nusu ya watu wa pale walitua mikononi mwake. Wakati huo alikuwa kitandani, anajua hainuki tena. Kitu kimoja tu alikuwa anakisema: kwamba hana wasiwasi na kaburi, atachimbiwa na hao aliowapokea.

Kwetu mwenye msiba hachimbi. Hata uwe na nguvu za kusukuma lori, unakaa chini, majirani ndio wanachimba. Na msiniambie si angekodi vibarua. Kukodi mtu wa kuchimba kaburi huku ni kutangaza kwamba marehemu hakuwa na watu.

Prof alijua hayo yote. Alijua mama yake ana siku chache na anahitaji kijiji.

Siku ya kikao ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, maofisa waliokuja kusikiliza wako mbele, watu wamejaa hadi madirishani. Sisi wanafunzi tulikuwa tumealikwa kuona. Mwenyekiti wa wazee akamkaribisha Prof kwa sifa nyingi. Prof akatoa ile kamba.

Akawapa watu waishike, duara kwanza. Watu wakacheka, ilikuwa kama mchezo. Halafu akawapanga kwa umbo la wazee, mkia na kona zake zote, na wale wa ng'ambo ya soko wakajikuta wamesimama nje ya kamba, wanaangaliana. Kicheko kikakatika.

Prof akawageukia maofisa, akasema kijiji chake kinastahili kusikilizwa, lakini mkia huu umechorwa kuwafungia majirani nje, na yeye hawezi kuuwekea jina lake.

Mwenyekiti hakupaza sauti. "Prof, sisi tulikutuma utuletee wadi," alisema. "Hatukukutuma utufundishe duara."

Jioni ile Prof alimweleza mama yake. Alituambia baadaye kwamba Tata alisema hata wale wa ng'ambo aliwapokea yeye.

Tata alifariki kabla hata mahindi hayajavunwa.

Tulienda matangani darasa zima. Tent imesimamishwa, viti vimepangwa, na vimekaliwa na upepo. Hakuna kuni zilizoletwa, hakuna mama aliyekuja na mtungi wa maji. Jembe hata moja halikuonekana. Pasta akatumwa kwa mwenyekiti kuomba, akarudi uso umemshuka. Tulimbana atuambie alichojibiwa.

"Amesema ile duara ya Prof ikuje imchimbie mama yake."

Mtu aliyesema hivyo alikatwa kitovu na huyo huyo Tata.

Na wale wa ng'ambo ya soko, waliotetewa? Nao hawakuja. Walituma salamu kwamba wanaogopa kuleta vita kwenye msiba. Hao ndio walioniuma zaidi, nasema wazi.

Mwalimu wa Nambale akavua koti. Yule wa spea akaazima majembe kwa kina sista wa parokia. Wanaume wa class wakaanza kuchimba, watu wa chaki na kalamu, viganja vinatoka malengelenge kwenye ule udongo mgumu wa murram. Mimi mwanamke si mahali pangu pale, lakini walikuwa wachache, nikashika ncha ya kamba ya kupimia. Ilikuwa kamba ile ile ya Prof, tumefungua fundo lake.

Prof alikuwa amekaa kama desturi inavyotaka. Kisha akainuka. Hakugusa jembe. Aliniomba ile kamba, akapima kwa mshazari kona kwa kona, halafu zile kona nyingine mbili. Vipimo havikulingana.

"Toeni kidogo hapa," alisema. "Asilale upande."

Wakatoa. Akapima tena, akakubali, akarudi kwenye kiti chake akalia kwa sauti.

Kamba za kushushia jeneza ziko kwa kikundi cha kijiji, na tulinyimwa. Basi tukaikata ya Prof vipande viwili, tukamshusha Tata nayo. Tulipotaka kuivuta, Prof akasema tuiache humo.

Mpaka leo hiyo mipaka haijaguswa. Wadi mpya haipo, mkia haupo, mwenyekiti anauza ng'ombe wake kama kawaida. Prof amehamia mjini, nyumba ya Tata imefungwa na majani yamefika mlangoni. Kipindi cha kwanza baada ya mazishi alisimama mbele yetu, akanyoosha mkono pale mezani kamba ilipokuwa inakaa, akakuta meza tupu. Akachora duara ubaoni kwa chaki, akatuambia tunakili, akatoka.

Nilichojifunza ni kwamba ukweli unaweza kuupima mpaka ukalingana kila kona, na bado ukakosa mtu wa kukushikia jembe. Ningependa kusema angefanya tena. Sijui, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Wakuu, mama yako yuko kitandani na anahitaji kijiji: ungeitoa ile kamba, au ungeiacha mfukoni? Nijibuni kwa moyo. Wa matusi wapite, leo sina nguvu zao.