Mabawa Kwenye Kibaraza cha Zuhura

Zuhura binti Issa aliolewa Mahurunga, akakaa jirani na wifi yake Rehema, dada wa mumewe Salumu. Walilima mihogo shamba moja, na aliyetangulia kuivisha chakula alimpelekea mwenziwe. Mwaka 1950 Salumu alipokwenda Mtwara kwenye ujenzi wa bandari, Zuhura alikuwa mjamzito, na Rehema ndiye aliyemtwangia na kumtekea maji.

Mimba ile ikaharibika. Iliyofuata, aliyoipata Salumu alipokuja likizo, nayo ikaharibika. Na siku zile, kila asubuhi Zuhura alikuta kibarazani vitu vilivyomtia hofu: mabawa ya nondo, miguu ya panzi, siku moja mkia wa nge. Alifagia, kesho yake akavikuta tena palepale. Majirani wakanong'ona kwamba hayo si bure, yuko mtu anayetupa. Na nani aliyepita hapo alfajiri kwenda kisimani kama si Rehema?

Siku ya maulidi, wanawake wamekaa wanapepeta mchele, Zuhura akashindwa kujizuia.

"Wifi, mabawa hayo unanitandikia ya nini? Wanangu wamekukosea nini?"

Rehema aliweka ungo chini, akainuka, akaondoka. Kabla mvua hazijaanza alihama na mumewe, wakavuka mto Ruvuma pale Kilambo, wakaenda kuishi kwa wakwe zake upande wa Wareno.

Ikapita miaka mitano. Mabawa hayakukoma; watu wakasema Rehema anayatuma kutoka ng'ambo. Salumu alikuwa amekwisha rudi, naye akataka kubomoa nyumba ya dada yake apate miti. Zuhura alipoingia kuondoa takataka, aliona popo wanne wananing'inia chini ya paa. Hawakuwa wale wakubwa wanaokula maembe. Hawa walikuwa wadogo, manyoya laini ya kahawia, masikio marefu kama ya sungura, na usoni mfereji kana kwamba wamechanjwa kwa wembe. Mmoja alikuwa na kitoto kimemng'ang'ania kifuani. Chini yao, sakafuni, palijaa mabawa ya nondo.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, alikaa mbali kidogo na kibaraza chake akatazama. Popo mmoja akaja kimya, panzi mdomoni, akajining'iniza kwenye upenu, akatafuna huku masikio yakicheza. Ikadondoka miguu, kisha mabawa. Zuhura akainuka, akayaokota, akayafunga kwenye upindo wa kanga.

Wiki ileile alivuka mto. Rehema alimpokea, akampikia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, wifi," akasema. "Lakini uliponisema, watu walikuwa wamejaa. Leo umekuja peke yako."

Zuhura alirudi Mahurunga, akapita nyumba kwa nyumba akieleza habari ya popo. Wengine walimsikiliza kwa adabu. Wengine walimuuliza, na hao popo aliwatuma nani? Hakuacha kueleza, hata kwa wake walioolewa karibuni, wasiomjua Rehema kwa sura wala kwa jina. Kila alipotuma salamu ng'ambo, jibu lilirudi jema, lenye dua ndani yake. Rehema mwenyewe hakuja.