Hatukuitwa Kwenye Mkataba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naiona kana kwamba bado haijaisha: siku nyanya yangu alipokishika kibuyu cha maji nyumbani kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, akakataa kunywa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na masomo yangu yaliishia hapo, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe. Majina ya watu nimeyabadilisha. Wajukuu wa pande zote mbili wako hai, na sitaki kalamu yangu iwachome.

Kaka yangu Mwakio alitaka kuoa. Msichana alikuwa Wakesho, wa nyumba ya ng'ambo ya korongo, na tayari alikuwa na mimba. Mahari yalishazungumzwa, kanisani walishajiandikisha. Kilichobaki ni nyanya kutasa. Kutasa, kwa asiyejua, ni desturi yetu Wataita: mzee hutamka lile linalomkera moyoni, akachukua funda la maji, akalipuliza nje pamoja na ile hasira, akaomba amani. Wengine husema ni ushenzi, na siwalaumu; sisi wenyewe tulikuwa watu wa kanisa. Lakini mama hakutaka kusikia habari ya harusi ambayo mzee wa nyumba ameiwekea kinyongo. Alisema hasira isiyotemwa humla mtoto tumboni.

Na nyanya kinyongo alikuwa nacho. Wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, Waingereza walikuwa huku kwetu na Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Wajerumani wakaja wakauteka mlima wetu wa Kasigau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowasaidia. Wakachoma nyumba, wakawahamisha watu kwa nguvu mpaka Malindi. Wale walikuwa watu wa mlimani, waliozoea baridi, na homa ya pwani ikawapukutisha. Mama yake nyanya alizikwa huko. Nyanya aliondoka Kasigau mtoto, akarudi mtu mzima. Hivi ndivyo nilivyoambiwa, sikuwapo. Na tangu waliporudi kulikuwa na mnong'ono kwamba aliyewaonyesha Wajerumani chemchemi ni babu yake Wakesho. Bila maji wasingekaa mlimani, ndivyo watu walivyosema. Wakipita karibu na nyumba ile husema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha wanaendelea na safari zao.

Basi siku hiyo baba yake Wakesho alikuja na binti yake. Tulimwita Mzee Mwadime: mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Akapewa kiti. Nyanya alikaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani. Tukangoja. Wakesho aliinama akisokota ncha ya leso. Mwakio alisimama mlangoni, jasho likimtoka kama aliyetoka kulima.

"Mama, kunywa basi," baba alisema.

"Sina kiu."

"Mama!"

"Nimesema sina kiu. Nikitema maji na maneno yamebaki moyoni, nitakuwa nimemdanganya nani? Nyinyi, au Mungu? La kuvunda halina ubani."

Mwakio akashindwa kuvumilia. "Basi mimi naenda zangu Mombasa na mke wangu. Hamtaniona tena hapa."

"Nenda," nyanya akasema. "Pitia na Malindi, unisalimie mama."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoona nisaidie, mimi msomi wa nyumba. "Nyanya, vita hivyo viliisha zamani. Tumesoma. Wakubwa walikutana Ulaya, wakatia sahihi mkataba, wakapatana. Hata Tanganyika akapewa Mwingereza."

Nyanya alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Ulitiwa sahihi na nani wa hapa Kasigau?"

"Hakuna, nyanya."

"Na siku wanatia sahihi, mimi nilikuwa wapi?"

Alikuwa Malindi. Nilijua.

"Mwalimu wenu amewafundisha ndovu wakipigana nyasi huumia. Vizuri. Ila hakuwafundisha kwamba ndovu wakishapatana hawaiambii nyasi. Kaa chini, mjukuu wangu. Usinimalizie vita vyangu kwa kitabu."

Nikakaa. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo masikio hupata moto, ingawa kwa haki niseme mwalimu hakukosea. Aliyotufundisha yalikuwa kweli, ila hayakutosha.

Nyanya akamgeukia Mzee Mwadime. "Baba yako alionyesha maji, au hakuonyesha?"

Mama akajiziba mdomo. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza mbele ya mtu wa nyumba ile. Niliogopa atasimama, amshike binti yake mkono waondoke, mtoto azaliwe bila baba, na kaka yangu apotelee mjini. Mzee Mwadime hakusimama.

"Alionyesha," akasema. "Walimkuta machungani na mbuzi wake. Mmoja akamwekea bunduki hapa." Akajigusa chini ya sikio. "Alituambia sisi wanawe tu, na akatukataza kusema. Hata yeye alipelekwa Malindi, mama. Hakuna aliyeachwa."

"Najua. Nilimwona njiani." Nyanya akakigeuza kile kibuyu mkononi. "Na yeye, alikunywa?"

"Nini?"

"Hayo maji."

"Alikunywa. Baada ya punda wao."

Nyanya akatoa sauti. Sijui kilikuwa kicheko, sijui kilio. Nimejaribu mara nyingi kuiandika sauti ile nikashindwa. "Baada ya punda," akasema. "Na sisi tumemchukia miaka yote hii kama aliyeketi nao mezani."

Kisha akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayesali: "Hasira yangu na nyumba hii naitema. Ile ya Mwingereza na Mjerumani, waje wachukue wenyewe." Akanywa funda, akalipuliza. Manyunyu yakamfikia Wakesho miguuni, naye akaanza kulia kwa sauti, akaja mama akamshika.

Walioana. Lakini sikudanganyi kwamba yote yalipona. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nyanya hakuwahi kula chakula nyumbani kwa Mzee Mwadime, na wako waliosema alilainishwa na ile mimba tu. Huenda. Mimi naandika nilichoona.

Sasa nimezeeka, nakaa hapa Voi, na nina hofu ambayo labda ni ya bure. Nawaona vijana wakitazama kwenye simu vita vya nchi wasizozijua hata kwenye ramani. Wanachagua upande, wanatukanana ndugu kwa ndugu. Halafu kura zikikaribia wanamgeukia jirani: huyu ni wa kuja, yule babu yake alituuza. Aliyeumwa na nyoka akiguswa na unyasi hushtuka, na mimi ni mjukuu wa aliyeumwa.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukisikia kwamba nyumba fulani ilisaliti watu, usiipokee habari hiyo kwa mpita njia. Nenda ukaulize mlangoni kwao, na uulize pia bunduki ilikuwa mkononi mwa nani. Usimwambie aliyeumia kwamba yameisha kwa kuwa wakubwa wamepeana mikono. Mwache aseme kwanza, hata kama maneno yake yatakukera. Na ukiwa wewe ndiye uliyeumia, usirithishe. Kisasi ukikiweka akiba, watakaokilipa ni watoto ambao siku hiyo hawakuwapo.

Mungu akuweke kati ya watu wanaokusalimu kabla ya kukuuliza ukoo. Mvua za vuli zisilipite shamba lako, mifugo yako irudi zizini yote salama. Na siku utakapoulizwa ukweli mbele ya uliowaogopa, upate ulimi wa kuusema, nao wapate masikio ya kuusikia. Amina.