Diski za Breki Zilizofichwa Uani

Kwa miaka kumi na tisa alitunza stoo ya kiwanda cha kuunganisha magari, na kila mtu, hata meneja, alimwita Mama Stoo. Ukimuuliza boliti fulani iko wapi, alikujibu bila kugeuza shingo: "Rafu ya saba, chini. Na usinivurugie!"

Uchumi ulipoyumba na magari yakakosa wanunuzi, makao makuu yakatoa amri: vipuri vipunguzwe nusu kabla wakaguzi hawajafika. Mama Stoo alishauri oda mpya zisimamishwe. Meneja akaona huko ni kuchelewa. Akapakia diski za breki mia nne, yale mabamba ya chuma yanayobanwa ili gari lisimame, kwenye malori mawili, akayaficha uani.

"Wiki moja tu, Mama."

"Zifunikwe basi. Hicho ni chuma, si plastiki."

"Zitafunikwa, bwana! Wasiwasi kama bibi harusi!"

Wakaguzi wakaja, wakazisifu rafu tupu, wakaenda zao. Malori yakasahaulika wiki tano, bila turubai, mvua ikiyapiga mchana kutwa. Diski ziliporudi, kutu ilikuwa imezichimba vishimo.

"Piga msasa, toa," meneja akasema. "Laini ya kuunganisha imesimama. Watu arobaini wamekaa kama wageni."

"Hizi hazitoki."

"Umekuwa daktari wa chuma siku hizi? Weka saini hapa kwamba ni nzima!"

Fundi mkuu akamvuta pembeni. "Dada, tia saini yaishe. Shemeji yangu mwenyewe yuko nyumbani tangu walipompunguza kazini. Na wewe ukifukuzwa, mtakula nini?"

"Kaka, gari lenye breki hizi utampakia mwanao?"

Fundi akarudi zake kwenye laini.

Damu ikamchemka Mama Stoo. Alionya, wakamcheka, sasa uozo wao wautie jina lake! Akachukua kopo la rangi nyekundu. Pale kiwandani, kipuri kikishapakwa nyekundu, hakuna fundi anayeruhusiwa kukifunga kwenye gari. Akapaka diski ya kwanza. Ya pili. Ya kumi.

"Wewe mama! Ukigusa nyingine, kazi huna!" meneja akafoka, mate yakimruka.

Mama Stoo akachovya brashi.

"Basi sogea huko. Unanizibia mwanga."