Kona ya Edna Thackray

Miaka kumi na minne Edna Thackray aliwafungia watu vyombo kwa magazeti katika soko la Barnsley, na hakuna aliyemtazama. Watu walikuja kumtazama babake, Wilf, akinadi. Mzee alipanga seti nzima ya chai kwenye mkono wa kushoto, sahani zikilaliana kama magamba ya samaki, akairusha juu na kuidaka kwa kishindo. Hakikupasuka kitu. Hapo ndipo alipotaja bei, si kabla.

Februari ya 1974 Wilf aliteleza kwenye barafu, akavunjika mkono. Mkaguzi wa soko, Bwana Ogden, akamfuata Edna.

"Kona hii ni ya wanadi, binti. Jumamosi saa nne napita. Usipokusanya watu, nampa huyu wa mapazia."

Wa mapazia ni mimi. Meza yangu ilikuwa ng'ambo, kwenye upepo mkali, na kona ile nilikuwa nimeiomba kwa barua mara tatu.

"Kuuza naweza," Edna akasema.

"Kuuza hata mashine ya sigara inauza. Nataka pizaz."

"Pizaz ndiyo nini hasa?"

"Ningejua, ningekuwa mkaguzi?"

Neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Tai nyekundu ya shingoni ina pizaz, bao la kichwa linayo, pai ya muuza nyama haina. Mbwembwe zimo ndani yake, na madaha kidogo, lakini mwenye mbwembwe tupu huchekwa akishapita. Mwenye pizaz unamfuata pochi ikiwa wazi. Mimi nilikuwa naipima hivyo.

Edna alifanya mazoezi wiki nzima, akirusha vyombo vya jikoni kwake juu ya kitanda. Kosa lake lilikuwa hilo. Vya jikoni vimeoshwa. Vya sokoni hutoka kwenye mapipa yenye nyasi kavu, na vumbi la nyasi huteleza kama sabuni. Wilf alikuwa akivifuta kimoja kimoja kabla binti hajafika, wala hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikimwona. Jumamosi ile nilimwona Edna akivitoa pipani na kuvipanga bila kuvifuta, nikanyamaza. Niliitaka kona.

Saa nne kasoro walikuwa wamesimama watu kama thelathini.

"We si yule wa magazeti?" bibi mmoja akapaza sauti. "Babako yuko wapi?"

"Nyumbani, bibi, anajifunza kufunga suruali kwa mkono mmoja. Ukipita, msaidie!"

Watu wakacheka. Ogden akaja, akasimama nyuma yao, daftari mkononi. Edna alikunja mkono wa sweta, akapakia: sahani sita, visosa sita, vikombe sita. Kikombe cha mwisho nilikiona kikisogea. Naye alikiona. Angeweza kuteremsha vyote na kuanza upya.

Akarusha.

Vyombo vilipaa, vikashuka. Kumi na sita vilitua mkononi. Kikombe na kisosa chake vilipita pembeni, vikapasuka kwenye mawe. Ogden akafungua kalamu.

Edna hakuangalia chini. Alichomoa sahani moja, iliyobaki bila wenzake, akaipigiza chini kwa makusudi.

"Sasa ni seti ya watu watano! Nani hapa ana mmoja asiyemtaka mezani?"

"Mkwe wangu!" bibi yule akapiga kelele, mkono juu.

"Chukua, bibi, akija mwambie hakuna kikombe! Mwingine?"

"Mimi ninao wawili! Shemeji na mkewe!" mwanamume mmoja akadakia.

Edna akavunja vya watu wawili, mbele ya macho ya mnunuzi huyo. Hapo watu wakaanza kusukumana. Waliniziba hadi mapazia yangu hayakuonekana.

Ogden alipenya hadi mbele. "Unaharibu mali, binti."

"Nimeuza seti kumi na moja, bwana. Kwako mko wangapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sita," akasema kwa sauti ya chini. "Nipe ya watano."

Alipofungiwa seti yake aliandika jina la Edna daftarini, akaondoka na kifurushi kwapani. Edna aliishika kona ile miaka kumi na tisa. Mimi Jumatatu niliandika barua ya nne, nikaomba nafasi karibu na wauza samaki, ambako angalau kuna ukuta wa kuzuia upepo.